Orfu, vinundu vya wakamuaji au parapoksi isiyobainishwa: uchague msimbo upi?

Virusi vya jamii ya parapoksi, vinavyoleta orfu na vinundu vya wakamuaji, humpata binadamu mara chache, anaposhika kondoo, mbuzi au ng'ombe mgonjwa, na kwa kawaida huacha kinundu kimoja au viwili mkononi. Kwa kuwa ugonjwa hauonekani kila wiki, mweka misimbo (anayeandika ugonjwa wa kila mgonjwa kwa namba za kitabu rasmi) hana mazoea nao, na kitabu cha misimbo nacho kinamchanganya: magonjwa yanayofanana kama mapacha yametawanywa, na baadhi yamewekwa chini ya jamii ya virusi isiyo yao. Makosa mengi hapa hayatokani na uzembe. Mtu amesoma kwa makini, ila amesoma mahali pasipostahili.

Hapa tunalinganisha njia nne ambazo mweka misimbo hujikuta akisita kati yake: orfu (B08.02), vinundu vya wakamuaji (B08.03), parapoksi isiyobainishwa (B08.60), na msimbo wa dalili tu. Namba hizi ni za ICD-10-CM, toleo la Marekani la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa (ICD), kwa sababu ndilo linalogawanya magonjwa haya kwa undani. Matoleo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yana sehemu yake mbele.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo kinachobeba uzito kuliko vyote ni maneno ya tabibu. Msimbo hufuata tamko lake kwamba ugonjwa upo. Haufuati picha ya kidonda, wala kile ambacho mweka misimbo anakijua kuhusu mbuzi. Orfu mara nyingi hutambuliwa kwa macho na historia ya mgonjwa bila kipimo chochote, na tamko la namna hiyo linatosha kabisa kuweka B08.02. Usidai PCR (kipimo cha vinasaba vya kirusi) mahali ambapo kanuni haziidai.

Cha pili ni mnyama. Kwa macho, hata kwa biopsi (kipande cha ngozi kilichokatwa na kuchunguzwa), orfu na kinundu cha mkamuaji havitofautiki. Kinachovitenganisha ni mnyama aliyeguswa, au PCR inayotambua aina ya kirusi. Darubini ya elektroni huonyesha umbo la parapoksi, lakini haisemi ni parapoksi gani.

Cha tatu ni uhakika wa lugha: "orfu" ni kitu kimoja, "huenda ni orfu" ni kingine. Cha nne ni mahali mgonjwa alipohudumiwa, kwa sababu kanuni za Marekani zinamtenga mgonjwa wa nje na aliyelazwa pale utambuzi unapokuwa na shaka. Cha tano ni toleo la kitabu kinachotumika kituoni.

Njia ya kwanza: orfu, B08.02

Ugonjwa wenyewe. Hutoka kwa kondoo na mbuzi, hasa wana wao wenye magamba na vidonda midomoni. Huingia kwenye mkwaruzo au jeraha dogo la ngozi: mtu ananyonyesha mwanakondoo kwa chupa, anakata manyoya, anachinja, au anawachanja kondoo chanjo hai ya orfu kwa kukwaruza ngozi. Siku 3 hadi 7 baadaye hutokea uvimbe mdogo mwekundu, ambao baadaye huwa na kitovu chekundu, duara jeupe na ukingo mwekundu, kisha hutoa majimaji, huwa kinundu, na kupungua wenyewe. Wengi hupona katika wiki 3 hadi 6 bila dawa ya virusi. Mwenye kinga dhaifu anaweza kupata uvimbe mkubwa unaofanana na saratani.

Faili liwe na nini. Jina "orfu" au majina yake mengine ya kitabibu: ekthima kontagiosum, au dermatitisi ya usaha ya kuambukiza. Yote matatu yanakwenda B08.02. Mnyama aliyetajwa hutetea msimbo pale bima inapohoji, ingawa msimbo wenyewe haumtaji. Hautaji upande wala kidole pia, B08.02 haina herufi ya kulia au kushoto, kwa hiyo usiitafute.

Panapoharibika. Kuna mitego mitatu, na tunaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayorudi tena na tena.

Wa kwanza uko kwenye faharasa. Anayefungua neno la ekthima akachukua namba ya kwanza anayoiona anaangukia L08.0, ambayo ni maambukizi ya usaha ya bakteria. Lazima ushuke mistari midogo chini ya neno hilo hadi ufike kwenye "contagiosum" au "infectiosum". Hapo ndipo B08.02 ilipo. Baada ya hapo nenda kwenye orodha kuu ya misimbo ukathibitishe. Faharasa peke yake haitoshi.

Wa pili unawanasa zaidi wale wanaoijua biolojia. Orfu ni parapoksi, hilo halina ubishi. Lakini kitabu kimeiweka chini ya B08.0, kichwa cha maambukizi mengine ya orthopoksi (jamii nyingine ya virusi vya ndui), huku parapoksi zikiwa na kichwa chao, B08.6. Anayesoma ripoti ya maabara iliyoandikwa "kirusi cha orfu, jenasi parapoksi" hukimbilia B08.6, hakuti orfu, halafu huchukua B08.69 au B08.60 akidhani amepata. Hapana. Mahali penye msimbo wa jina, jina linashinda jamii. Orfu ni B08.02 hata kama kichwa kilicho juu yake kinakera.

Wa tatu ni kuongeza msimbo wa kirusi kutoka kundi la B97. Misimbo hiyo ni ya kutaja kimelea pale ugonjwa mkuu haukitaji. B08.02 imeshakitaja, kwa hiyo nyongeza hiyo ni marudio tu.

Inamfaa nani. Faili lolote ambalo tabibu ameandika orfu bila neno la shaka, na mgonjwa aliyelazwa ambaye hadi anaruhusiwa imeandikwa "huenda ni orfu" (sababu iko kwenye njia ya nne).

Njia ya pili: vinundu vya wakamuaji, B08.03

Ugonjwa wenyewe. Chanzo ni ng'ombe mwenye vidonda kwenye chuchu za kiwele, au ndama mwenye vidonda mdomoni. Kinundu hutokea baada ya siku 5 hadi 14 na huchukua wiki 4 hadi 8 kuisha. Anayekamua kwa mkono hushika chuchu kwa vidole vyote, ndiyo maana vinundu vinaweza kuwa kadhaa.

Faili liwe na nini. Jina la ugonjwa, ama kwa namna hii ya wakamuaji ama kama ndui bandia ya ng'ombe. Kutajwa kwa ng'ombe peke yake hakutoshi. Tabibu akiandika "kinundu, mgonjwa anakamua ng'ombe", bado hajatambua ugonjwa, na si kazi yako kumtambulia.

Panapoharibika. Kosa kubwa ni kuondoa neno "bandia" kichwani na kuangukia B08.010, ndui ya ng'ombe yenyewe. Hiyo ni orthopoksi, ugonjwa tofauti kabisa. Licha ya jina lake, mara nyingi humfikia binadamu kupitia paka au panya, huacha gamba jeusi na mara nyingi huambatana na homa. Kosa la pili ni kuchukua B08.04, paravaksinia isiyobainishwa. Hiyo hutumika pale tabibu alipoandika paravaksinia tu bila kusema zaidi; akishasema vinundu vya wakamuaji, B08.04 haina nafasi.

Ndama anaweza pia kuwa na stomatitisi ya ng'ombe ya vijipele, parapoksi nyingine inayomwambukiza binadamu mkononi. Hiyo ina msimbo wake, B08.61, na huwekwa tu ikiwa imetajwa kwa jina.

Inamfaa nani. Wakamuaji, wafugaji wa ng'ombe, madaktari wa mifugo na wachinjaji wa ng'ombe, tabibu akiwa ameutaja ugonjwa.

Njia ya tatu: parapoksi isiyobainishwa, B08.60

Ugonjwa wenyewe. Hapa hakuna ugonjwa mpya. Kuna kiasi cha maarifa: inajulikana ni parapoksi, haijulikani ni ipi. Mfano halisi ni mtu anayefuga kondoo na ng'ombe pamoja, biopsi yake ikaonyesha parapoksi kwa darubini ya elektroni, na PCR ya kutenganisha aina haikufanywa.

Faili liwe na nini. Tamko la tabibu kwamba ni maambukizi ya parapoksi. Ikiwa parapoksi imetajwa kwa jina lakini jina hilo halina msimbo wake, hamia B08.69. Parapoksi ya kulungu, ambayo imewahi kuripotiwa kwa wawindaji wa Marekani, ni ya hapo. Ndui ya sili, ambayo huwapata wanaohudumia wanyama hao wa baharini, si ya hapo, ina B08.62.

Panapoharibika. Msimbo huu hugeuzwa kimbilio. Mtu anaona "parapoksi" kwenye ripoti, hasomi maelezo ya tabibu ambako orfu imeandikwa mstari wa tatu, anaweka B08.60 na kuendelea. Takwimu za orfu zinapungua, na wenye bima wanarudisha faili wakiuliza kwa nini utambuzi haujabainishwa. Lakini kuna wanaokwenda upande wa pili: wanauogopa msimbo usiobainishwa kiasi cha kuchagua orfu kwa kukisia. Ikiwa tabibu kweli hajui, B08.60 ndiyo jibu sahihi, na hakuna haja ya kuionea aibu.

Kabla ya kufika hapo, muulize tabibu swali moja. Liandikwe bila kumvuta upande wowote, kwa mfano hivi:

"Biopsi imeonyesha parapoksi. Maelezo ya mgonjwa yanataja kondoo na ng'ombe. Tafadhali bainisha utambuzi ikiwezekana: orfu, vinundu vya wakamuaji, maambukizi mengine ya parapoksi (taja), parapoksi ambayo aina yake haiwezi kubainishwa, utambuzi mwingine (taja)."

Angalia kwamba swali limeweka ushahidi uliomo kwenye faili, limetoa nafasi ya jibu lolote, na halikutaja malipo. Swali la "Je, hii si orfu?" linamwekea tabibu maneno mdomoni, na jibu lake halitasimama kwenye ukaguzi.

Inamfaa nani. Mgonjwa mwenye wanyama mchanganyiko, na maabara iliyofika kwenye jamii ikaishia hapo, tabibu akiwa amekubaliana nayo.

Njia ya nne: msimbo wa dalili

Ugonjwa wenyewe. Bado haujatajwa. Kuna kinundu, kuna wazo, kuna sampuli iliyotumwa.

Faili liwe na nini. Maelezo ya kinachoonekana na mahali kilipo. Kinundu cha mkono wa kulia huenda R22.31, wa kushoto R22.32. Tabibu akiandika "kidonda cha ngozi" tu bila umbo, faharasa inakupeleka L98.9. Kwa hiyo neno "kinundu" linabeba uzito. Mwombe tabibu aandike umbo na upande.

Panapoharibika. Hapa ndipo kanuni za mgonjwa wa nje na aliyelazwa zinapoachana. Kwa mgonjwa wa nje, chini ya ICD-10-CM, maneno kama "huenda", "inashukiwa", "inaendana na" hayawekewi msimbo wa ugonjwa. Unaweka dalili. Kwa mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya kawaida, maneno hayohayo yakiwa kwenye utambuzi wa mwisho wakati wa kuruhusiwa, ugonjwa huwekewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Faili moja, maneno yaleyale, misimbo miwili. Anayehama kutoka wodini kwenda kliniki ya nje bila kukumbuka hili huweka B08.02 mapema mno.

Jambo la pili ni ripoti ya maabara isiyo na tamko la tabibu. Kwa aliyelazwa, tokeo la maabara peke yake halizai msimbo mpaka tabibu aseme lina maana gani. Kwa kipimo cha mgonjwa wa nje kilichotafsiriwa na daktari, kama vile biopsi iliyosainiwa na mwanapatholojia, utambuzi uliothibitishwa kwenye ripoti ya mwisho unaweza kuwekewa msimbo ikiwa ripoti ipo wakati wa kazi hiyo.

Inamfaa nani. Ziara ya kwanza ya mgonjwa wa nje, sampuli ikiwa njiani. Pia faili lolote lenye orodha ya mashaka yanayohusisha kimeta cha ngozi (A22.0), ambacho nacho huanza na kidonda mkononi mwa mtu wa mifugo na huwa na gamba jeusi. Kuchagua kati ya kimeta na orfu kwa kukisia ni hatari kwa mgonjwa na kwa taarifa za afya ya jamii.

Majirani wengine

Kinundu chekundu kinachotoka damu wakati mwingine huandikwa granuloma ya pyogenik, L98.0, na hukatwa kabla mtu hajauliza habari za kondoo. Patholojia ikija na orfu na tabibu akaikubali, L98.0 inaondoka. Malengelenge ya heripesi kwenye kidole ni B00.89. Ndui ya nyani, ambayo sasa huitwa mpox, ni B04, na kwa kawaida vipele huwa vingi zaidi ya kimoja.

Ndui ya Tana, iliyopewa jina la mto Tana nchini Kenya baada ya milipuko ya 1957 na 1962, si parapoksi wala orthopoksi. Ni yatapoksi, na msimbo wake ni B08.71. Homa hutangulia siku chache, kisha hutokea kinundu kimoja au viwili. Mgonjwa aliyekuwa bonde la Tana na hakugusa kondoo anastahili swali kabla ya B08.02 kuwekwa.

Misimbo ya kuongeza

Orfu inaweza kufuatwa na erithema multiforme, mzio wa ngozi unaotokea wiki kadhaa baada ya kinundu. Tabibu akiutaja, ongeza kutoka L51. Bakteria wakiingia na selulitisi (maambukizi ya ngozi na tishu zilizo chini yake) ikatajwa kwenye kidole, ni L03.011 kwa kidole cha mkono wa kulia na L03.012 kwa wa kushoto. Kimelea kilichooteshwa huongezwa kutoka B95 au B96. Hapa nyongeza ya kimelea ni halali, kwa sababu selulitisi haikitaji.

Shughuli ya mgonjwa ina misimbo yake: Y93.K2 kwa kukamua mnyama, Y93.K3 kwa kusafisha au kukata manyoya, na Y99.0 ikiwa ilikuwa kazi ya kipato. Kondoo na mbuzi wako kwenye W55.3, si kwenye msimbo wa ng'ombe, W55.2. Misimbo hii haitangulii utambuzi, na mahali pengi ni ya hiari. Ila kwa madai ya ugonjwa wa kazini husaidia sana.

Mfanyakazi aliyejichoma sindano ya chanjo hai ya orfu akapata kinundu ana orfu, B08.02. Usimpeleke T88.1, huo ni wa matatizo ya mtu aliyepewa chanjo, na hapa aliyekuwa akichanjwa ni kondoo.

Toleo likibadilika

Kwenye ICD-10 ya WHO, mvutano kati ya njia ya kwanza na ya pili unatoweka. Orfu, vinundu vya wakamuaji, ndui ya ng'ombe na vaksinia (kirusi cha chanjo ya ndui) vyote vinaingia B08.0, na namba inaishia hapo. Ndui ya Tana iko B08.8. Urahisi huo una gharama: anayetaka kuhesabu orfu peke yake hawezi, isipokuwa jina la ugonjwa limehifadhiwa kama maandishi kando ya msimbo. Fanya hivyo kila mara. Kanuni ya shaka nayo ni tofauti na ya wagonjwa wa nje wa Marekani: ikiwa hadi mwisho wa huduma ugonjwa bado umeandikwa "unashukiwa" na hakuna taarifa zaidi, huwekewa msimbo kana kwamba umethibitishwa.

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, imeipa orfu namba yake, 1E75. Ndui ya ng'ombe ni 1E72 na mpox ni 1E71. Pia inaruhusu kuunganisha msimbo wa ugonjwa na wa sehemu ya mwili, jambo ambalo B08.02 haiwezi. Magonjwa mengine ya kundi hili yatafute kwa jina kwenye kitafutio cha WHO. Usijaribu kuyakisia kwa kufuata mpangilio wa ICD-10.

Uchague kulingana na hali

Mgonjwa wa nje, kondoo au mbuzi, tabibu ameandika orfu bila shaka: B08.02, hata bila kipimo.

Mgonjwa wa nje, "inashukiwa orfu", sampuli imetumwa: dalili na upande, R22.31 au R22.32. Ikiwa unatumia ICD-10 ya WHO na huduma imeishia kwenye shaka hiyo, B08.0.

Amelazwa kwa selulitisi ya kidole, na mwishoni imeandikwa "huenda ni orfu": misimbo yote miwili, na mpangilio unategemea kilichomlaza. Mara nyingi ni selulitisi.

Ng'ombe, na tabibu ameandika "kinundu cha mkamuaji": B08.03. Akiandika "paravaksinia" tu, muulize, asipojibu, B08.04.

Wanyama mchanganyiko na ripoti inasema parapoksi: swali kwanza, B08.60 baadaye.

Gamba jeusi, homa, au mtu aliyeshika mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla: baki kwenye dalili na mjulishe tabibu kwamba faili halijasema chochote kuhusu kimeta.

Jibu la PCR likirudi baada ya ziara ya kwanza kufungwa, ziara ile inabaki na msimbo wa kile kilichojulikana siku hiyo. B08.02 huanza kwenye ziara ambayo tabibu amelipokea jibu na kuliandika.